Vidoa vya njano kwenye retina: mafuta ya damu na macho ya mwenye kisukari

Ukimulika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi, unaweza kukuta vidoa vya njano vyenye kingo kali, vingine vimejipanga duara kuzunguka kitone chekundu. Vidoa hivyo ni mafuta. Ni kolesteroli na mafuta mengine yaliyokuwa yakisafiri ndani ya damu, yakavuja kwenye mshipa mdogo ulioharibika ukuta, yakakwama katikati ya tabaka za retina.

Hapa nataka kueleza yanafikaje pale, majibu ya maabara yana maana gani kwa macho, na dawa ipi inasaidia nini. Mkanganyiko ni mkubwa. Wengi wanameza kidonge cha kolesteroli wakiamini kinatibu macho, na wengi zaidi hawajawahi kuambiwa kwamba kuna kidonge kingine cha mafuta, cha siku nyingi, kiitwacho fenofibrati, ambacho kimepimwa kwa macho na kikaonyesha faida.

Mafuta yanavyofika kwenye retina

Mishipa midogo ya retina kwa kawaida ni migumu kupitisha vitu. Seli za ukuta wake zimebanana, na kwa nje zimeshikiliwa na seli nyingine zinazoitwa perisaiti. Sukari ikikaa juu kwa miaka, perisaiti ni kati ya seli za kwanza kufa. Ukuta uliopoteza mshikizo hutuna na kutengeneza vifuko vidogo, ndivyo vile vitone vyekundu, na vifuko hivyo huvuja.

Kinachovuja ni majimaji ya damu pamoja na chembe zinazobeba mafuta, yaani lipoprotini, hasa LDL yenye kolesteroli nyingi. Sasa angalia kinachofuata, maana ndicho kinachoeleza picha nzima. Maji hufyonzwa tena na mishipa iliyo jirani na kwa tabaka la chini ya retina. Mafuta hayawezi kurudi kirahisi hivyo. Yanaganda pale ambapo retina yenye unyevu inakutana na retina kavu, na ndiyo sababu hutengeneza duara: katikati kuna kifuko kinachovuja, pembeni ni mstari wa mafuta yaliyobaki. Seli za kusafisha huyala kidogo kidogo kwa miezi mingi, lakini kama kifuko bado kinavuja, mzigo mpya unaingia kabla wa zamani haujaisha.

Kuna ubaya wa pili. LDL ikishatoka nje ya mshipa hubadilika kikemia, na ikiwa katika hali hiyo ni sumu kwa perisaiti zilizosalia. Kwa hiyo mafuta yaliyovuja kwa sababu ya ukuta mbovu yanasaidia kuubomoa ukuta huo zaidi.

Kidoa cha mafuta kilicho mbali pembeni mwa retina hakimsumbui mtu. Hatakijua mpaka aambiwe. Tatizo ni makula, sehemu ndogo ya katikati tunayotumia kusoma na kutambua sura za watu. Kipimo kinachotumika tangu miaka ya 1980 ni umbali wa mikromita 500 kutoka kitovu cha makula, yaani nusu milimita: vidoa vikiwa ndani ya eneo hilo na retina ya jirani imevimba, ugonjwa unahesabiwa kuwa ni wa kutishia uwezo wa kuona. Mafuta yakirundikana kitovuni kabisa kwa muda mrefu yanaweza kuacha kovu chini ya retina, na kovu hilo haliondoki kwa leza wala kwa sindano. Ni mojawapo ya njia ambazo mtu mwenye kisukari hupoteza uwezo wa kusoma moja kwa moja bila jicho kuuma hata siku moja.

Namba zinavyosema

Ushahidi unaotajwa zaidi unatoka Marekani, kwenye utafiti wa tiba ya mapema ya retinopathi (uharibifu wa retina unaoletwa na kisukari) uitwao ETDRS, uliokuwa na washiriki 3,711. Washiriki 2,709 walipimwa mafuta ya damu mwanzoni, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996. Wenye kolesteroli ya jumla ya 240 mg/dL au zaidi (6.2 mmol/L) walikuwa na uwezekano wa takribani mara mbili wa kukutwa na vidoa vya mafuta wakilinganishwa na waliokuwa chini ya 200 (5.2 mmol/L). Kwa LDL mpaka ulikuwa 160 mg/dL na zaidi (4.1 mmol/L) dhidi ya chini ya 130 (3.4 mmol/L), na uwiano ulikuwa uleule. Na kadiri vidoa vilivyokuwa vingi, ndivyo hatari ya kupoteza uwezo wa kuona ilivyopanda.

Lakini usiruke kutoka hapo ukasema kolesteroli ndiyo inayoleta ugonjwa wa macho. Kwa vidoa vya mafuta uhusiano uko wazi. Kwa retinopathi kwa ujumla, yaani kuvuja damu, mishipa kuziba, mishipa mipya kuota, tafiti za kufuatilia watu hazikubaliani: nyingine zinaona uhusiano na LDL au trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu), nyingine hazioni kitu. Mtu anaweza kuwa na kolesteroli nzuri kabisa kwenye karatasi huku retina yake inaharibika. Majibu mazuri ya mafuta hayawi badala ya kumulikwa macho, na nasisitiza hili kwa sababu ni kosa linalofanyika kila siku kliniki.

Sukari na presha bado ndizo zinazoongoza. Utafiti wa DCCT wa mwaka 1993, kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kuwa kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya kuanza retinopathi kwa asilimia 76, na hatari ya kuongezeka kwa waliokuwa nayo tayari kwa asilimia 54. UKPDS wa Uingereza mwaka 1998 ukaonyesha kwamba kwa aina ya pili, kushusha presha hadi wastani wa 144/82 badala ya 154/87 kulipunguza kuendelea kwa retinopathi kwa asilimia 34. Hakuna kidonge cha mafuta kinachochukua nafasi ya mambo hayo mawili. Anayetaka kulinda macho kwa kupambana na kolesteroli huku HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) ni 11 na presha ni 170/100 ameanzia mwisho.

Tahadhari moja kabla sijaacha sukari. HbA1c ikishuka ghafla, mathalani kutoka 12 hadi 7 ndani ya miezi michache baada ya kuanza insulini, retinopathi iliyokuwepo inaweza kuwa mbaya zaidi kwa muda. Hiyo si sababu ya kuacha insulini. Faida ya mbele ni kubwa kuliko hasara hiyo ya mwanzo. Ni sababu ya kumulikwa macho kabla ya kuanza na kurudi tena ndani ya miezi mitatu hivi.

Kusoma karatasi ya maabara

Kipimo cha mafuta ya damu huleta namba nne: kolesteroli ya jumla, HDL (iitwayo kolesteroli nzuri), trigliseridi na LDL. Angalia kwanza kizio. Maabara nyingine huandika mmol/L, nyingine mg/dL, na kuna watu wameshtushwa na "200" au wamefarijika na "6" bila kujua wanalinganisha nini. Kolesteroli ya mmol/L izidishe kwa 38.7 upate mg/dL. Trigliseridi zidisha kwa 88.6. Mizidisho hiyo miwili haifanani, kwa hiyo usitumie mmoja kwa zote.

LDL mara nyingi haipimwi moja kwa moja, maabara huikokotoa. Kwa mmol/L unachukua kolesteroli ya jumla, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2 (kwa mg/dL unagawanya kwa 5). Tuseme jumla ni 5.8, HDL 1.0, trigliseridi 2.9. Hesabu ni 5.8 kutoa 1.0 kutoa 1.3, LDL ni 3.5. Hesabu hii huharibika trigliseridi ikipita 4.5 mmol/L, yaani 400 mg/dL. Hapo LDL iliyoandikwa haina maana, na maabara nzuri huiacha wazi. Badala yake toa HDL kwenye jumla. Kilichobaki ni mafuta yote mabaya kwa pamoja, na namba hiyo haidanganyi hata kama umekula. Kwa mfano wetu ni 4.8.

Kuhusu kula: kwa kipimo cha kawaida si lazima kufunga. Kufunga saa 8 hadi 12 kunahitajika pale trigliseridi ilipotoka juu na unataka kuirudia. Hapa ndipo mambo huharibika kwa wenye kisukari. Mtu anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au anachoma insulini alfajiri kama kawaida, hali kitu kwa sababu ya kipimo, anakaa foleni mpaka saa tano, sukari inashuka, anaanguka. Ukiambiwa ufunge, uliza hapohapo dawa ya asubuhi ifanyweje. Kwa vidonge vya aina ya glibenklamidi na kwa insulini ya mlo, utaratibu wa kawaida ni kuviahirisha hadi utakapokula. Insulini ya kukaa muda mrefu haiachwi ovyo, hasa kwa mwenye aina ya kwanza. Nenda mapema, beba chakula na glukosi au juisi, na utolewe damu kwanza.

Malengo yanayotumika sana kwa mwenye kisukari: LDL chini ya 1.8 mmol/L (70 mg/dL) kwa mwenye hatari kubwa ya moyo, trigliseridi chini ya 1.7 (150 mg/dL), HDL juu ya 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke. Malengo haya yamewekwa kwa ajili ya moyo. Hakuna lengo maalumu la LDL lililothibitishwa kwa retina.

Kabla ya kuongeza kidonge, kuna mambo manne ya kutazama, kwa sababu kolesteroli iliyo juu inaweza kuwa dalili ya kitu kingine. La kwanza ni figo: mwenye kisukari anayepoteza protini nyingi kwenye mkojo hupandisha kolesteroli, na maji yanayojaa mwilini huongeza uvimbe wa makula. Macho na figo huharibika kwa njia moja, kwa hiyo mwenye vidoa vya mafuta apimwe mkojo na kreatinini (kipimo cha damu cha figo), hata kama hajisikii vibaya. La pili, tezi ya shingoni ikiwa haifanyi kazi ya kutosha. La tatu ni pombe. La nne ni dawa: baadhi ya ARV, hasa zile zenye lopinaviri na ritonaviri, hupandisha trigliseridi. Na simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, haichanganywi kabisa na dawa za kundi hilo, kwa kuwa kiwango chake kwenye damu hupanda hadi kuyeyusha misuli. Mwenye kisukari anayetumia ARV ataje dawa zote mbele ya daktari wa kisukari. Ukimya hapo ni hatari halisi.

Statini ni ya moyo

Atorvastatini, simvastatini, rosuvastatini: dawa hizi hushusha LDL na kuzuia mshtuko wa moyo na kiharusi. Utafiti wa CARDS wa mwaka 2004, uliofanyika Uingereza na Ireland kwa watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kuwa atorvastatini ya mg 10 tu kwa siku ilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37. Mtu mwenye kisukari wa miaka 40 na kuendelea karibu kila mara ana sababu ya kupewa statini.

Kwa retina, majaribio ya statini hayajaonyesha kwa uthabiti kwamba inachelewesha ugonjwa. Kuna majaribio madogo ambamo vidoa vya njano vilipungua kwa waliotumia atorvastatini pamoja na leza, nayo yanaeleweka: LDL ikipungua kwenye damu, kinachovuja kina mafuta machache. Lakini sitamwambia mtu ameze statini kwa ajili ya macho. Ameze kwa ajili ya moyo, na asiiache kwa sababu "macho hayajabadilika".

Fenofibrati, na namba zake

Fenofibrati ni dawa ya kushusha trigliseridi, ipo sokoni tangu miaka ya 1970. Kwa moyo imekatisha tamaa. Kwa macho imewashangaza hata walioifanyia utafiti.

Wa kwanza ni FIELD, uliofanyika Australia, Nyuzilandi na Ufini kwa watu 9,795 wenye kisukari cha aina ya pili, kwa wastani wa miaka mitano. Waliohitaji leza ya retina kwa mara ya kwanza walikuwa asilimia 3.4 kwenye kundi la fenofibrati na 4.9 kwenye kundi la kidonge bandia. Kwenye kikundi kidogo cha watu 1,012 waliopigwa picha za retina, faida ilionekana kwa waliokuwa tayari na retinopathi: ambao ugonjwa uliongezeka kwa hatua mbili kwenye kipimo cha ukali walikuwa asilimia 3.1 dhidi ya 14.6. Kwa ambao hawakuwa na ugonjwa mwanzoni hapakuwa na tofauti, 11.4 dhidi ya 11.7. Kumbuka hilo, linasema nani afikiriwe na nani asisumbuliwe.

Wa pili ni ACCORD Eye, Marekani na Kanada, mwaka 2010. Wote kwenye tawi la mafuta walikuwa kwenye simvastatini, nusu wakaongezewa fenofibrati. Baada ya miaka minne retinopathi iliendelea kwa asilimia 6.5 dhidi ya 10.2. Kwa maneno ya kawaida, watu wapatao 27 watumie kwa miaka minne ili mmoja aepuke kuongezeka kwa ugonjwa. Dawa ilipoachwa, faida haikubaki. Kwenye ufuatiliaji wa miaka minane kutoka mwanzo tofauti ilikuwa imetoweka. Hii si dawa ya kutumia miezi sita ukaweka pembeni.

Wa tatu ndio naupa uzito zaidi kwa swali letu, kwa sababu ulipangwa kwa ajili ya macho tangu mwanzo. LENS, wa Uskoti, ulichapishwa mwaka 2024. Watu 1,151 wenye aina ya kwanza au ya pili, wote wakiwa na mabadiliko ya mapema kwenye retina. Kwa kipindi cha kati cha miaka minne, waliofikia hatua ya kupelekwa kwa mtaalamu au kuhitaji tiba walikuwa asilimia 22.7 kwa fenofibrati na 29.2 kwa kidonge bandia. Uwezo wa kusoma ubao haukutofautiana kati ya makundi, jambo la kutarajiwa kwa watu ambao wengi wao walikuwa bado wanaona vizuri.

Jambo linalotatiza ni kwamba faida hii haifuati namba za mafuta. Kwenye FIELD, aliyeshusha trigliseridi sana hakunufaika zaidi ya aliyeshusha kidogo. Inaonekana dawa inafanya kazi kwenye retina yenyewe, kupitia kipokezi kinachojulikana kama PPAR-alfa, ikipunguza uvimbe na kuvuja. Kwa hiyo swali la "trigliseridi zangu ni za kawaida, ya nini fenofibrati?" lina jibu: kwa macho, trigliseridi si kigezo. Australia iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2013 kwa wenye aina ya pili walio na retinopathi tayari. Nchi nyingi bado hazina idhini hiyo, na daktari anayeiandika huwa anatumia busara yake.

Kipimo cha dawa huchanganya watu. FIELD walitumia mg 200, ACCORD mg 160, LENS mg 145. Ni kiasi kilekile kiutendaji. Kinachotofautiana ni jinsi kidonge kilivyosagwa. Mgonjwa aliyebadilishiwa kutoka kapsuli ya 200 kwenda kidonge cha 145 hajapunguziwa dawa, na asiongeze kimoja kujazia pengo. Ya 200 na 160 huliwa pamoja na chakula, vinginevyo nyingi hupita bila kufyonzwa.

Figo zipimwe kabla. Chini ya 30 kwenye makadirio ya uchujaji wa figo (eGFR), haitumiki. Kati ya 30 na 59 dozi hupunguzwa. Kwenye LENS watu hao walimeza siku moja na kuruka moja. Baada ya kuanza, kreatinini hupanda kidogo kwa wengi, na kwenye FIELD ilirudi chini dawa iliposimamishwa. Daktari asiyejua hilo hushtuka na kuisimamisha wiki ya nne. Anayejua hupima mwanzoni na baada ya miezi mitatu hivi, na hutofautisha kupanda kidogo na figo zinazozidi kuharibika. Kwenye FIELD pia kulikuwa na ongezeko dogo la kuvimba kwa kongosho, 0.8 dhidi ya 0.5 kwa mia, na la damu iliyoganda kwenda mapafuni, 1.1 dhidi ya 0.7. Mwenye mawe ya nyongo, ugonjwa wa ini au mjamzito asipewe. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe mgando wa damu upya, kwa sababu nguvu ya warfarini huongezeka. Pamoja na statini inaruhusiwa kwa uangalizi. Jemfibrozili, ndugu yake, haifai kuchanganywa na statini, na duka la dawa lisikubadilishie moja kwa nyingine kwa hoja kwamba "zote ni za mafuta".

Damu yenye rangi ya maziwa

Mara chache trigliseridi hupanda hadi maelfu, hasa kwa mwenye kisukari ambaye hajatibiwa au anayekunywa pombe sana. Zikipita 11.3 mmol/L (1,000 mg/dL), hatari ya haraka ni kongosho: maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya mgongoni na kutapika. Zikifika mara mbili ya hapo au zaidi, mishipa ya retina yenyewe hubadilika rangi, kutoka nyekundu kuwa ya krimu, ateri na vena zikafanana. Mgonjwa mara nyingi anaona vizuri tu. Maabara huligundua mapema: chupa ya damu ikitulia, majimaji ya juu ni meupe badala ya njano, na yakikaa usiku kwenye friji hutengeneza utando wa krimu juu. Vipimo vingine, sodiamu kwa mfano, vinaweza kutoka na namba za uongo kwenye sampuli kama hiyo. Tiba ni kudhibiti sukari, mara nyingi kwa insulini, na kukata mafuta ya chakula na pombe kabisa. Hapa trigliseridi zikishuka mishipa hurudia rangi yake, tofauti na vidoa vya njano vinavyochukua miezi.

Na kwa kuwa huulizwa: vijinyama vya njano kwenye kope havina uhusiano na vidoa vya retina. Karibu nusu ya wenye navyo wana kolesteroli ya kawaida. Vinastahili kipimo cha damu, basi.

Jikoni, kwa kifupi

Hesabu rahisi kuliko zote: gawanya lita za mafuta ya kupikia za mwezi kwa watu na kwa siku 30. Familia ya wanne inayomaliza lita 3 kwa mwezi inatumia mililita 25 kwa kila mtu kwa siku, bila kuhesabu chipsi na maandazi ya nje. Mafuta yanayoganda asubuhi ya baridi, na tui la nazi pia, yana mafuta ya aina inayopandisha LDL. Alizeti hayana mengi ya hayo. Trigliseridi husikia zaidi soda, pombe na wanga mwingi kuliko mayai. Soda ya nusu lita ina sukari takribani gramu 50. Samaki wenye mafuta kama vibua mara mbili kwa wiki wana hoja: kwenye utafiti wa PREDIMED wa Hispania, wenye kisukari waliopata angalau mg 500 za omega-3 kwa siku kutoka chakulani walipata retinopathi ya kutishia macho kwa kiwango kidogo zaidi. Ni uhusiano tu, hauthibitishi sababu, lakini kibua cha kuchoma hakina hasara.

Kumulikwa macho

Mwenye aina ya pili amulikwe siku za mwanzo za kugundulika, kwa kuwa huenda aliishi na sukari miaka kadhaa bila kujua. Aina ya kwanza ni ndani ya miaka mitano, mjamzito mwenye kisukari ni miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo kila mwaka, au mapema zaidi kama kuna mabadiliko. Kusoma herufi ubaoni hakutoshi. Mtu husoma mstari wa 6/6, wa anayeona vizuri, akiwa na mishipa mipya inayokaribia kupasuka.

Matone ya tropikamidi ya asilimia 1 hupanua mboni kwa dakika 20 hadi 30. Macho yenye rangi nyeusi hufunguka taratibu, na mara nyingi yanahitaji tone la pili. Ukiona unamulikwa baada ya dakika tano, sema. Ukungu wa karibu hudumu saa nne hadi sita, kwa hiyo njoo na mtu, vaa kofia, na kama unaendesha bodaboda iache nyumbani. Omba uandikiwe kwa kila jicho: hatua ya retinopathi, na kama makula imevimba au la. "Macho yana kisukari" si jibu. Peleka pia majibu ya mafuta, HbA1c, presha na figo. Daktari wa macho huyahitaji na mara nyingi hana njia ya kuyapata.

Nyumbani, ziba jicho moja kwa kiganja na utazame nondo za dirisha kwa jicho jingine, kisha badilisha. Nondo zikijipinda au kipande kikikosekana katikati, nenda wiki hiyohiyo. Utando mweusi unaoelea ghafla au pazia linaloshuka ni la siku hiyohiyo. Usiende kutengeneza miwani sukari inapoyumba. Lenzi ya jicho hubadilika nayo, na miwani hiyo haitakufaa baada ya mwezi.

Makula ikiwa imevimba katikati, tiba ya sasa ni sindano ndani ya jicho, kwa mfano bevasizumabu ya mg 1.25 katika mililita 0.05, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Leza hutumika kwa vifuko vinavyovuja nje ya kitovu na kwa mishipa mipya. Kwa Tanzania huduma hizi zipo KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT. Kwa Kenya, Kenyatta na Kikuyu. Baada ya sindano au leza uvimbe ukianza kukauka, vidoa vya njano vinaweza kuonekana vingi zaidi kwa wiki kadhaa: maji yanaondoka haraka, mafuta yanaachwa. Wagonjwa wengi huona picha ya pili, wakasema tiba imeharibu jicho, na hawarudi tena. Kinachotazamwa wakati huo ni unene wa retina kwenye kipimo cha OCT (picha inayoonyesha tabaka za retina), na vidoa vyenyewe hupewa miezi.